Balozi wa Mlimani Analala Kitanda cha Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa Historia amesema kila mjumbe aandike shajara mpaka siku ya mkutano, na kwamba yeye mwenyewe hataisoma. Mwalimu akisema hatasoma kitu, ujue tayari anafuta miwani. Kwa hiyo naanza kwa adabu: shikamoo, Mwalimu.

Mkutano wenyewe ni wa kuigiza. Mwisho wa muhula shule tano zitakutana katika ukumbi wa halmashauri, kila mwanafunzi akiwa mjumbe wa nchi fulani. Tutajadili maji ya mto mmoja mkubwa na kupiga kura, kama wafanyavyo wakubwa wa dunia kwenye vikao vyao. Nchi amezitunga Mwalimu ili mzazi yeyote asije shuleni kulalamika. Tumechota vikaratasi kwenye kofia yake. Mimi nimepata Bondeni, nchi iliyo mwisho wa mto, yenye mashamba mengi na maji ya kubahatisha. Walioyazuia maji kwa bwawa kule juu wanaitwa Mlimani. Bondeni na Mlimani walivunja uhusiano zamani sana, hata balozi hawana.

Na nani amechota Mlimani? Yule.

Jumanne, 4 Machi

Basi nimweleze Yule, maadamu Mwalimu hasomi.

Ni binti wa mke mpya wa baba. Walihamia kwetu Desemba na masanduku mawili na kioo kikubwa cha saluni, kwa kuwa mama yake ni msusi. Mama yake namwita Anti. Baba angependa niite vingine lakini hajawahi kusema. Mimi na Yule tuko darasa moja na sasa chumba kimoja. Kitanda changu kiko mlangoni, chake dirishani. Dirishani palikuwa pangu, ila baba alisema mgeni hupewa pazuri, nikasema sawa. Tangu hapo maneno tuliyoambiana hayajazi kikombe.

Shuleni walimpachika jina wiki ya kwanza tu: Wakili. Hajibu kabla ya kufikiri, na akishajibu huna pa kutokea. Mimi naitwa Kipaza tangu darasa la tatu. Sababu haihitaji maelezo.

Jumatano, 5 Machi

Mwalimu ametoa sheria mpya. Nchi zilizovunja uhusiano hazisemezani, na si darasani tu bali popote: njiani, dukani, bombani. Mwenye neno alipitishe kwa mtu wa tatu, kama serikali zinavyofanya. Atakayekamatwa akiongea moja kwa moja atakatwa alama kumi. Uhusiano utarudi siku ya mkutano, azimio likipita kwa kura.

Darasa zima likaguna. Mimi nikamtazama Wakili, naye akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Desemba tukawa tumekubaliana jambo. Sikutegemea kwamba iko siku serikali itanifaa.

Jumamosi, 8 Machi

Baba ni fundi makochi. Banda lake liko ubavuni mwa nyumba, limejaa sponji, mbao na harufu ya gundi. Zamani nilikuwa nashinda humo. Tangu afunge ndoa nimekuwa nikimsalimu asubuhi, nikimpelekea chai, basi.

Leo nimelazimika kuingia. "Baba, mwambie balozi wa Mlimani kwamba sabuni ya kuogea si mali ya nchi yake."

Alikuwa na misumari midogo mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga kwenye kiganja. "Balozi gani tena, mama?" Baba huniita mama, nina jina la mama yake.

Nikamweleza sheria yote. Akacheka mpaka akakalia kochi la mteja, jambo ambalo yeye mwenyewe amelipiga marufuku. Kisha akajifuta mikono, akaingia ndani kwa mwendo wa heshima, akarudi.

"Balozi anasema sabuni aliikuta inaelea kwenye ndoo, akaitoa akaianika. Anaomba radhi kwa usumbufu."

"Amesema hivyo?"

"Mimi mjumbe tu, na mjumbe hauawi."

Jumatatu, 10 Machi

Mvua.

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Sare haikukauka. Nimekwenda shule na sketi yenye ubaridi wa chura.

Jumapili, 16 Machi

Wenzetu wameshaivunja sheria. Nchi mbili zenye vita vya mpaka nimezikuta zikila andazi moja. Mwalimu aliwapita akawasalimu tu, nadhani ameshaisahau. Tunaoishika ni sisi wawili, na wala si kwa ajili ya alama.

Anti alijaribu leo kutusaidia. "Mwenzio anauliza kama umemaliza kutumia pasi." Nikamwambia kwa upole kwamba yeye hawezi kuwa mtu wa tatu, ni upande wa Mlimani kwa damu. Anti akanitazama kidogo, akasema, "Haya, nimesikia," akaendelea kukunja nguo. Neno langu lilikuwa sahihi kisheria. Sijui kwa nini nalirudia kichwani tangu asubuhi.

Ijumaa, 21 Machi

Mezani Wakili ameomba chumvi kupitia kwa baba, na chumvi ilikuwa mkononi mwangu. Nikampa baba, baba akampa. Anti akainuka akaenda kucheka jikoni. Au kulia. Sikumfuata kuangalia.

Jumanne, 25 Machi

Siku hizi nina neno la kupeleka kila jioni, hata kama halipo. Nikifika bandani baba ananipa upande wa kitambaa nishike wakati yeye anakibana kochini. Kuvuta kitambaa kunataka watu wawili wanaosikilizana: ukivuta zaidi kinapinda, ukilegeza kinafanya mikunjo. Leo tumevisha kochi zima la watu watatu.

"Hii nchi yako ya Bondeni naipenda," akasema bila kuinua kichwa. "Inakuja kila jioni."

Nikakaza macho kwenye misumari, nisije nikalia juu ya kitambaa cha mteja.

"Mwenzio naye huja asubuhi," akaongeza. "Kabla hujaamka. Analeta majibu. Halafu anakaa kidogo, ananiuliza mambo ya mbao."

Nilivuta kitambaa kikapinda. Baba akakinyoosha. Nimeona wivu, naandika kama ulivyo. Bandani ni pangu.

Alhamisi, 27 Machi

Mazoezi ya mjadala. Wakili ametetea bwawa lake vizuri mpaka nilikalia mikono nisimpigie makofi. Amesema Mlimani hawakuwanyima majirani maji kwa ubaya. Walijenga bwawa kwa sababu walishawahi kufagiliwa na mafuriko, na aliyefagiliwa mara moja hulala macho wazi. Mwalimu akamuuliza hilo amelisoma wapi. Akasema hajalisoma.

Najua kidogo habari zao kwa baba. Kabla ya kuja kwetu walikuwa wamehama nyumba nyingi, mara kwa ndugu, mara kwa mwenye nyumba aliyebadili nia.

Jumatano, 2 Aprili

Paa linavuja upande wa mlangoni. Nimeweka sufuria. Usiku kucha tonye, tonye, tonye. Upande wa Mlimani ni mkavu, bila shaka.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimeamka nimekuta sufuria imemwagwa, imefutwa na kurudishwa mahali pake. Baba anasema si yeye.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimemtumia shukrani kupitia kwa baba, fupi, ya kiserikali. Jibu: "Mlimani inatambua shukrani za Bondeni na kukumbusha kwamba maji huteremka yenyewe." Nimecheka peke yangu bombani, watu wakanigeukia.

Jumapili, 13 Aprili

Nitaandika polepole.

Mama yangu aliacha sweta. La rangi ya kahawia, limechanika kidogo kwapani. Nguo nyingine ndugu waligawana baada ya msiba, hilo nililificha mimi. Nimelitunza kwenye mfuko wa nailoni chini ya kitanda changu, nimeufunga fundo. Silivai. Siku nikizidiwa nafungua fundo, naingiza uso, nafunga tena haraka ili harufu isiishe. Ilikuwa bado ipo. Mwaka wa tatu huu na ilikuwa bado ipo: mafuta yake ya nywele, na moshi kidogo, na yeye.

Jana nilishinda shuleni kwenye kamati ya mashamba ya mkutano wetu. Baba amesafiri tangu Ijumaa kupeleka makochi mji wa jirani. Nimerudi mvua imeshakatika, nikapita uani, nikaliona kwenye kamba. Limeanikwa kwa uangalifu, mikono imenyooshwa. Nikalishika. Nikaweka uso. Linanuka sabuni.

Nililia kwa sauti ile iliyonipa jina langu. Majirani walitoka. Anti alikuja mbio na kitana mkononi. Wakili alisimama mlangoni, uso umemshuka, midomo imefunguka kama anayetaka kusema, halafu akaifunga. Sheria ni sheria, eti.

Nikalitoa kwenye kamba likiwa bichi, nikalala nalo. Leo shuka langu pia linanuka sabuni.

Baba amerudi jioni. Nikamwendea bandani kabla hajavua viatu. "Mwambie balozi wa Mlimani kwamba ujumbe wake una muda hadi mwisho wa muhula kuondoka katika ardhi yetu."

Baba akaweka mfuko chini. "Hiyo ni ya mkutano au ya nyumbani?"

"Ipeleke tu."

"Nakuuliza, mama."

"Baba, ipeleke."

Akatikisa kichwa. "Nimebeba ya sabuni, ya pasi, ya chumvi. Ya kumfukuza mtoto ndani ya nyumba siibebi. Itafutie mjumbe mwingine."

Basi nitaibeba mwenyewe.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeipeleka mbele ya darasa zima, kwenye mazoezi, kwa lugha safi kabisa. Nilisimama, nikamwangalia mwenyekiti kama utaratibu unavyotaka, nikasema: "Kwa kuwa Mlimani imegusa kitu kitakatifu cha Bondeni bila ruhusa, nchi yangu inauamuru ujumbe wa Mlimani uondoke katika ardhi yetu kabla ya muhula kwisha, na usirudi."

Darasa likalipuka. Makofi, miluzi, watu wakigonga madawati. Mwalimu akasema hii ndiyo misimamo anayoitaka, akanipa alama za juu kuliko wote. Walidhani nazungumzia mto.

Nikatabasamu. Nilijisikia vizuri, nisidanganye. Wakili aliandika kitu kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake kwa rula, akafunga.

Jumanne, 15 Aprili

Hakuna cha kuandika.

Jumatano, 16 Aprili

Sikwenda bandani.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Baba ametandaza turubai juu ya paa upande wangu. Tonye limekoma. Kimya cha chumbani sasa unaweza kukisikia.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimewasikia Anti na baba jikoni, mlango ulikuwa wazi na mimi sikujificha. Wakili ameomba akaishi kwa mama yake mkubwa kuanzia mwisho wa muhula, asome huko. Amesema shule ya huko ni nzuri. Baba akauliza kuna nini hasa. Anti akasema, "Hasemi. Anasema tu shule ni nzuri." Mama mkubwa amekubali, atakuja na gari lake Jumamosi ya baada ya mkutano.

Nilingoja nifurahi. Nimengoja mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Dirishani patakuwa pangu tena. Nimelala chali nikajaribu kupawazia.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi, na baba amefanya kazi. Nimekwenda kushika kitambaa. Karibu na mwisho akasema, "Asubuhi siku hizi haji tena. Nachemsha chai ya watu wawili kwa mazoea." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumapili, 11 Mei

Mkutano ni Alhamisi na nywele zangu zilikuwa zinatia aibu taifa la Bondeni. Nimekuwa nikisukwa kwa jirani tangu Desemba, ila jirani amekwenda kumuuguza dada yake. Anti akavuta kigoda, akaketi kwenye kiti, akapiga goti lake mara mbili. "Njoo."

Nikaenda. Mikono yake haiumizi. Sikujua hilo, na miezi yote tuko nyumba moja.

Akafika nyuma ya sikio ndipo aliposema. "Kuhusu lile sweta. Sikutaka kukusemesha ukiwa na hasira."

Nikakaza shingo. Akangoja ilegee.

"Jumamosi ile mvua iliingia chumbani kwa chini, kupitia mlangoni. Maji yalikuwa yamefika mvunguni. Mwenzio aliuona mfuko umelowa, umetoboka, na tope limeingia ndani. Akaja saluni anakimbia, na mvua yote ile, kuniuliza sufu inafuliwaje isinywee. Nikamwambia maji ya uvuguvugu, usikamue, likandie kwenye taulo. Alilifua mara mbili, lile tope lilikuwa halitoki. Nilirudi nikamkuta analipapasa kwa kiganja, analinyoosha mikono."

Nikauliza: "Kwa nini hakuniambia?"

"Angekuambiaje? Baba yako alikuwa safarini. Mimi uliniambia si mtu wa tatu. Na nyie hamsemezani."

Akaendelea kusuka. Nililia kichwa kikiwa kimeinamishwa, machozi yakidondoka moja kwa moja sakafuni bila kupita mashavuni. Anti hakusema nyamaza. Alipomaliza akanipaka mafuta kwenye njia za nywele, akasema, "Mama yako alikuwa na bahati ya mtoto anayempenda hivi." Nikasema asante, Mama. Limetoka lenyewe. Alinyanyuka kwenda kutafuta kitana ambacho kilikuwa mkononi mwake.

Jumanne, 13 Mei

Nimepata njia. Nitaiondoa amri mkutanoni. Niliitoa hadharani, nitaiondoa hadharani. Azimio likipita uhusiano unarudi, naye hatakuwa na sababu ya kuondoka. Nimeandika hotuba ukurasa mzima, nimefuta nusu.

Alhamisi, 15 Mei

Ukumbi wa halmashauri una feni sita na zinazofanya kazi ni mbili. Kila mjumbe alikuwa na kibao cha jina la nchi. Mwenyekiti alikuwa msichana wa shule nyingine, mwenye nyundo ya mbao na mapenzi makubwa nayo.

Nilinyanyua kibao. Nikasema Bondeni ingependa kuondoa amri yake ya kuufukuza ujumbe wa Mlimani.

Mwenyekiti akapekua karatasi. "Amri hiyo haipo mezani. Ilitolewa lini?"

"Kwenye mazoezi, shuleni kwetu."

Ukumbi ukacheka. "Kiti hakiitambui. Mjumbe, endelea na ajenda."

Nikanyanyua tena. Nikasema ni hoja ya utaratibu. Akasema si hoja ya utaratibu. Nikasema ni jambo la dharura, Jumamosi itakuwa tumechelewa. Akagonga nyundo. "Mjumbe wa Bondeni, keti." Nikaketi. Masikio yalikuwa yanawaka.

Zamu ya Mlimani ilipofika Wakili alisimama na karatasi yake, akaisoma yote, namba za maji na misimu ya kupanda, bila kukosea. Mwishoni akaikunja. "Ujumbe wangu umemsikia mjumbe wa Bondeni," akamwambia mwenyekiti. "Kiti kimwarifu kwamba tumeshafunga mizigo." Akaketi. Hakunitazama.

Azimio lilitaka bwawa lifunguliwe msimu wa kupanda na uhusiano urudishwe. Mimi nilinyoosha mkono kuliunga mkono. Nikageuka, na mkono wa Mlimani ulikuwa juu. Sisi wawili wenye mto tulikubali. Wakalikataa wale ambao mto hauwapitii hata kwa mbali, kwa sababu walikuwa wameahidiana kura kwenye mambo yao ya samaki na reli. Limekufa kwa upungufu wa kura mbili.

Kwenye gari la shule tumekaa viti vya mbele, yeye kushoto, mimi kulia, njia katikati. Mwalimu akaja kutupongeza. "Mbona mmenuniana? Mkutano umekwisha."

Nikasema uhusiano haujarudi, Mwalimu, na sheria yako inasema hatuwezi kusemezana.

Akavua miwani. "Sheria ile? Mimi niliisahau mwezi wa tatu huo huo. Msiniambie nyie bado..." Akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaivaa miwani, akarudi nyuma.

Kwa hiyo hata kisingizio sina tena.

Ijumaa, 16 Mei

Nimejaribu mara mbili kumsemesha. Mara ya kwanza alikuwa anakunja shuka, mara ya pili anafunga viatu. Mara zote mbili nimeishia kwenda bombani. Mimi, Kipaza.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua ilikuwa ya rasharasha. Mama mkubwa alifika mapema, mwanamke mnene mchangamfu mwenye funguo nyingi, hakutaka hata kuzima gari. "Barabara itajaa matope, tusikae sana. Haya mwanangu, mizigo iko wapi?"

Baba alitoka bandani na sanduku la Wakili begani. Alikuwa amelitengenezea bawaba mpya. Akaliweka kwenye gari taratibu, akaendelea kulishikilia kama vile lingedondoka. Mama, niliyekuwa namwita Anti, alisimama barazani, kanga imemkaa vibaya na haitengenezi. Wakili akamwinamia baba kumuaga, baba akamwekea kiganja kichwani, wakakaa hivyo. Ndipo nilipojua kwamba bandani kulikuwa na nafasi ya wawili siku zote, mimi ndiye niliyekuwa nasukuma.

Akafungua mlango wa gari.

"Bado!"

Nadhani mtaa mzima ulisikia. Mama mkubwa akashtuka, funguo zikamponyoka.

"Mama mkubwa, shikamoo, samahani," nikasema, na sasa maneno yalikuwa yanatoka yote kwa pamoja. "Shule ya huko si sababu. Mimi ndiye niliyemfukuza. Nilimfukuza mbele ya watu, wakapiga makofi, nikafurahi. Na yeye hakukosa kitu. Aliokoa sweta la mama yangu nami nikamlipa hivyo. Alikuwa anamwaga sufuria yangu ya maji usiku. Mwambie asiondoke. Mwambie nikisikia kimya cha kitanda chake nitakosa usingizi. Mwambie namwomba msamaha. Mwambie..."

"Unamwambia nani?"

Ilikuwa sauti ya Wakili. Ilinichukua muda kuelewa kwamba inanisemesha mimi.

"Mimi nipo hapa," akasema. "Miezi yote hii nipo hapa hapa. Niambie mimi."

Nikageuka. Tulikuwa tumesimama hatua chache tu. Nilikuwa sijawahi kumtazama usoni kwa muda mrefu hivyo. Alikuwa analia kama mimi, ila yeye hulia bila sauti, kwa hiyo sikuwahi kujua kama huwa analia.

Nikasema, "Baki."

"Hiyo tu?"

"Nisamehe. Baki."

Akafuta pua kwa mkono wa sweta lake. "Sikuumia uliponifukuza. Nimeshafukuzwa mara nyingi. Niliumia ulipotabasamu."

"Najua. Nilitabasamu."

Akafikiri. Huwa lazima afikiri kwanza. Mvua ikatulowesha wote wawili.

"Nikikukera tena," akasema, "utaniambia mwenyewe?"

"Nitakuambia mwenyewe."

"Usoni?"

"Usoni. Hata kwa kelele."

"Kwa kelele najua."

Mama mkubwa alimtazama mmoja wetu, akamtazama mwingine. Akainama taratibu akaokota funguo zake kwenye tope, akapanda nusu mwili kwenye gari, akalizima.

Jumapili, 18 Mei

Leo asubuhi Wakili ameniambia kwamba nakoroma. Ameniambia mwenyewe, usoni, kabla hata sijafumbua macho vizuri.